tinySA Ultra hangarini: kusaka kelele za umeme kabla ya ndege kwenda majaribioni

Ndege ndogo ikifungwa taa mpya za LED, chaja ya USB, kamera au GPS nyingine, fundi wa avioniki (vifaa vya elektroniki vya ndege) anabaki na swali moja kabla rubani hajaondoka na safari ya majaribio: kati ya hivi vilivyoongezwa, kipi kinachafua redio? Kwa miaka mingi swali hilo limejibiwa kwa sikio na kwa kubahatisha, kwa sababu kichanganuzi cha spektra, yaani kifaa kinachochora nguvu ya mawimbi kwa kila masafa, kilikuwa mashine ya maabara yenye bei ya gari kuukuu. tinySA Ultra imebadilisha hali hiyo. Ni kichanganuzi cha mkononi chenye skrini ya inchi 4 na betri ya ndani inayodumu saa mbili au zaidi, na bei yake, kutegemea toleo, ni dola mia moja na kitu za Marekani kabla ya usafirishaji na ushuru. Kwa karakana inayohudumia Cessna, Piper au Caravan, hiki ni kifaa cha kununua. Lakini kinunuliwe kwa kazi ya kumtafuta mkosaji. Kusema ndege ni salama si kazi yake, na sehemu kubwa ya tathmini hii inahusu mpaka huo.

Kwanza upeo wake. Katika hali ya kawaida kinapima kuanzia kHz 100 hadi MHz 800, kikiwa na filta ya ndani inayokinga ingizo. Ukiruhusu hali ya Ultra kwenye menyu ya CONFIG, kwa namba 4321, kinapanda hadi zaidi ya GHz 5. Matoleo mapya yanatofautiana hapo juu: ZS406 inafika GHz 5.4 na ZS407 GHz 7.3. Kwa ndege ndogo, upeo huo unagusa karibu kila kitu: ADF (dira ya redio) kwenye kHz 190 hadi 1750, maka bikoni (alama ya redio kwenye njia ya kutua) kwenye MHz 75, VOR (redio ya kuongoza njia) na lokalaiza (ya kulenga barabara ya kutua) kati ya MHz 108 na 117.95, redio ya mawasiliano kati ya 118 na 136.975, glaidislopu (ya mteremko wa kutua) kati ya 329.15 na 335, transponda (inayojibu rada) kwenye 1030 na 1090, GPS kwenye 1575.42, hata altimita ya redio kwenye GHz 4.2 hadi 4.4. Rada ya hali ya hewa ya GHz 9.3 iko nje ya uwezo wake.

Upana wa kuchuja, yaani RBW, unachagulika kati ya Hz 200 na kHz 850. Ndani kuna atenueta (kipunguza mawimbi) ya desibeli 0 hadi 31 na kikuza mawimbi unachoweza kukiwasha au kukizima. Picha za skrini zinahifadhiwa kwenye kadi ya microSD, na hilo lina faida kubwa kuliko linavyoonekana: picha ya kabla na ya baada ya kufunga kifaa kipya, zikiwekwa pamoja kwenye faili la ndege, zinamaliza ubishi mwingi.

Kitu cha kwanza cha kuelewa ni ingizo lake dhaifu. Nguvu inayopendekezwa isizidi 0 dBm (dBm ni desibeli kulinganisha na miliwati 1), na vipimo vyake vinakuwa sahihi zaidi mawimbi yakiwa chini ya dBm -25. Sasa chukua redio ya VHF ya wati 10, yaani dBm 40. Antena mbili zilizo umbali wa mita 1.5 juu ya ndege ileile zinapunguza nguvu hiyo kwa desibeli kama 15 hadi 20 tu kwenye MHz 127. Maana yake, mtu akibonyeza kitufe cha kuzungumza huku kifaa kimeunganishwa moja kwa moja kwenye antena ya pili, kinapokea dBm 20 au zaidi, mara 100 ya kiwango kinachopendekezwa. Kinaungua. Transponda ya wati 250 ni mbaya zaidi, na inajibu yenyewe bila mtu kubonyeza chochote. Kwa hiyo atenueta ya nje ya desibeli 30, yenye kuhimili wati 2, inunuliwe siku ileile na kifaa. Ifungwe kila mara redio yoyote ya ndege inapoweza kurusha, na fyuzi ya transponda ivutwe kabla hujagusa waya wa antena. Ongeza pia kizuizi cha umeme wa DC, kwa sababu kebo ya antena ya GPS hubeba volti 5 au zaidi kulisha kikuza kilicho ndani ya antena.

Jambo la pili ni stesheni za FM. Mijini, hasa karibu na milingoti ya utangazaji, mawimbi ya MHz 88 hadi 108 yana nguvu kiasi cha kulewesha ingizo, yaani kulizidia uwezo, na kifaa kinaanza kuchora mistari ya uongo ndani ya bendi ya VOR. Fundi asiyejua hutumia siku nzima kumsaka mkosaji asiyekuwepo. Dawa ni filta ya kuzuia FM. Kipo pia kipimo cha kutambua uongo bila kununua kitu: ongeza atenueta ya ndani kwa desibeli 10. Kifaa kinafidia hesabu chenyewe, kwa hiyo mstari wa kweli unabaki palepale kwenye skrini. Mstari uliozaliwa ndani ya kifaa kwa sababu ya kulewa unaporomoka ghafla au kutoweka. Fanya hivyo kwa kila mstari kabla ya kufungua paneli yoyote. Juu ya MHz 800, ambako filta ya ingizo haitumiki, fanya mara mbili.

Kazi yenyewe

Itoe ndege nje ya hangari. Taa za LED za hangari, chaja za simu na mashine ya kuchomelea zinatosha kuharibu kipimo. Usitumie umeme wa mtambo wa nje pia, kwa kuwa mitambo mingi ina kibadilishi chake chenye kelele. Tumia betri ya ndege, na iwe imejaa.

Unganisha kifaa kwenye kebo ya antena ya VHF namba mbili, redio yake ikiwa imezimwa na kuchomolewa. Weka MHz 108 hadi 137, RBW kHz 10 hadi 30, kikuza cha ndani kikiwa kimezimwa kwanza. Swichi kuu ya ndege ikiwa imezimwa, acha kifaa kichore kwa dakika mbili kwa kushikilia kilele, yaani kubakiza kiwango cha juu kabisa kilichoonekana. Hiyo ndiyo picha ya msingi: ina stesheni za nje na kelele ya eneo. Hifadhi. Halafu washa swichi kuu, kisha kifaa kimoja kimoja: skrini, GPS, taa za kutua, taa za ncha za mabawa, inveta, pampu ya mafuta, chaja ya USB ikiwa na simu inayochaji kweli. Chaja isiyo na mzigo huwa kimya na inadanganya. Kila hatua ni picha mpya.

Hapa ndipo kifaa hiki kinapolipa bei yake. Vibadilishi vya umeme vilivyo ndani ya chaja, taa za LED na kamera huwasha na kuzima mkondo mara laki kadhaa kwa sekunde, na kelele yake hutokea kwenye skrini kama meno ya kitana. Pima nafasi kati ya jino na jino. Ikiwa ni kHz 340, basi mahali fulani kwenye ndege kuna kibadilishi kinachofanya kazi kwa kHz 340. Shusha kifaa hadi kHz 340 yenyewe, chukua kitanzi kidogo cha kunasia na ukipitishe juu ya kila kisanduku na kila waya. Mstari unapopanda ghafla, umempata. Kitanzi hutengenezwa kwa kipande cha kebo ya RG-316: kunja mzunguko wa sentimita 2 au 3, chomelea waya wa kati kwenye ngao, funika kwa mrija wa plastiki usije ukagusa sehemu yenye umeme.

Meno yanayohama polepole mzigo au joto likibadilika ni ya kibadilishi. Mstari mmoja uliosimama imara ni wa saa ya kidijiti. Hesabu itakuelekeza: kristali ya MHz 24 ina harmoniki (kizidisho cha masafa yake) ya 5 kwenye 120, ndani ya bendi ya mawasiliano. Kristali ya MHz 25 ina harmoniki ya 63 kwenye 1575 kamili, MHz 0.42 tu kutoka kitovu cha GPS. Hiyo ni sababu moja kwa nini kamera ndogo iliyobandikwa juu ya dashibodi, karibu na antena ya GPS, inaweza kuzima uongozaji wa njia kwa GPS katika ndege yenye cheti kamili.

Kuhusu tiba, anza na zile zisizogusa cheti cha ndege: hamisha kifaa, hamisha waya, au kiondoe. Baada ya hapo ferraiti, pete za sumaku zinazozibia kelele kwenye waya. Mchanganyiko namba 31 unafaa kuanzia MHz 1 hadi 300, namba 43 kuanzia 25 hadi 300, namba 61 kuanzia 200 hadi 1000. Watu wengi hubana ferraiti moja yoyote na kulalamika haifanyi kazi. Kwenye masafa ya chini uzuiaji unakua kwa mraba wa idadi ya mizunguko, kwa hiyo waya uliopita mara tatu unazuia karibu mara tisa ya ule uliopita mara moja. Ifunge karibu kabisa na chanzo cha kelele, ndani ya sentimita chache. Ukiifunga upande wa redio, waya wote uliobaki unaendelea kuwa antena ya kurushia uchafu. Angalia pia uunganisho wa bodi, yaani mwili wa ndege: mwongozo wa FAA (mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani), AC 43.13-1B, unataka kiungo cha umeme kati ya sehemu za ndege kisizidi omu 0.003. Msingi wa antena wenye kutu, na ukanda wa pwani una chumvi ya kutosha kuuleta, hugeuza kelele ndogo kuwa kubwa.

Pasipoonekana kwenye skrini

Taa za strobu zinawaka mara moja hivi kwa sekunde. tinySA Ultra inafagia, yaani inaangalia kipande kimoja kidogo cha masafa kwa wakati mmoja. Mwako ukitokea wakati kipimo kiko kwingine, hauonekani kabisa. Ama shikilia kilele kwa dakika tano, ama weka upana kuwa 0 kwenye masafa unayoyashuku na uone mapigo yakija kwa wakati. Kwa kazi hii, redio ya kompyuta aina ya RTL-SDR ya dola 30 au 40 ni bora zaidi, kwani inaona MHz 2.4 nzima kwa pamoja bila kufagia. Ubaya wake ni kwamba inahitaji kompyuta ya mkononi, ambayo nayo ina kelele zake, na ingizo lake linalewa upesi zaidi.

Mlio wa altaneta kwenye hedifoni ni kelele ya masikio, mamia ya Hz hadi kHz chache, unaopanda na kushuka pamoja na injini. Kifaa kinaanzia kHz 100, hakiuoni. Kagua dayodi za altaneta kwa osiloskopu na mahali waya za maikrofoni zilipounganishwa na bodi.

Umeme tuli unaotokana na vumbi kavu, mvua au barafu kugonga mwili wa ndege hautokei chini. Hauwezi kupimwa hangarini kwa kifaa chochote cha aina hii. Kilichopo ni kukagua vitoa chaji kwenye ncha za mabawa na mkia, na kusikiliza angani.

Na GPS yenyewe haionekani. Inafika kwenye antena ikiwa karibu dBm -130, wakati kelele ya joto peke yake ndani ya upana wa MHz 2 ni dBm -111. Ishara iko chini ya kelele kwa desibeli karibu 20. Skrini iliyo tulivu kwenye 1575 haimaanishi GPS iko salama, kwa sababu uchafu mdogo kuliko uwezo wa kifaa unatosha kuiua. Hapa mpimaji bora ni kipokezi cha GPS cha ndege. Fungua ukurasa wake wa nguvu za satelaiti, uangalie nguzo zinaposhuka unapowasha kifaa. Nguzo zote zikishuka kwa pamoja, kelele inatoka karibu. Ikishuka moja, huenda ni bawa au jengo limeziba.

Kuna jaribio moja la GPS lisilopaswa kurukwa kamwe, nalo halihitaji tinySA hata kidogo. Ndege ikiwa nje, GPS ikiwa imeshika satelaiti na inaonyesha mahali, rusha kwa redio ya VHF sekunde 35 kwenye kila mojawapo ya 121.150, 121.175, 121.200, 131.250, 131.275 na 131.300. Masafa haya hayakuokotwa ovyo. Zidisha 121.175 kwa 13 upate 1575.275. Zidisha 131.275 kwa 12 upate 1575.3. Harmoniki za redio ya mawasiliano zinaangukia juu ya GPS. Ongea na mnara kwanza, tamka kwamba ni jaribio la redio, na rudia kwa kila redio iliyopo. GPS ikipoteza uhakika wa mahali, usikimbilie kuilaumu redio. Zima ELT (kirusha ishara za dharura ndege inapoanguka), chomoa kebo ya antena yake na urudie. Hatua ya mwisho ya kurushia ndani ya ELT za zamani inaweza kupokea mawimbi ya VHF na kuyarusha tena yakiwa yamezaa harmoniki. GPS ikitulia, filta ya kukata 1575.42 iwekwe kwenye kebo ya ELT. Isipotulia, filta iende kwenye kebo ya redio. Baada ya kazi, kebo ya ELT irudishwe na mtu wa pili athibitishe. Kuisahau ni kosa linalogundulika siku mbaya kabisa.

Angani

Karakana nyingi zitatamani kupanda na tinySA kwenye safari ya majaribio. Ushauri wetu ni kuiacha chini. Ni kifaa cha elektroniki cha kubebwa kama vingine vyote, kina osileta (vitoa mawimbi) zake za ndani zinazovuja kupitia ingizo, na kinavuta macho ndani wakati yanahitajika nje. Wala hakijibu swali la safari hiyo. Swali la safari ni kama vyombo vya ndege vinafanya kazi vyote vikiwa vimewashwa, na wajibuji ni vyombo hivyo.

Ruka mchana, hali ya hewa ya kuonana, watu wawili: mmoja anarusha ndege, mwingine anaandika. Rusha redio kwenye masafa ya chini, ya kati na ya juu, karibu na 118, 127 na 136.9, ukiepuka 121.5. Kila mara angalia sindano ya VOR na bendera zake, lokalaiza na glaidislopu ukiwa kwenye njia ya kutua, dira, geji za mafuta na za injini, na hasa otopailoti. Otopailoti inayojizima au kutikisa usukani kitufe cha redio kinapobonyezwa ni sababu ya kurudi na kutua papo hapo. Geji ya mafuta inayoruka wakati wa kurusha karibu kila mara ni waya usio na ngao au bodi mbovu. Fungua skwelchi (kizima kelele cha redio) uwe mbali na kituo, sikiliza, kisha zima na kuwasha taa na chaja moja moja. Hapo ndipo mafanikio au kushindwa kwa kazi ya hangarini yanapojulikana. GPS ikipotea karibu na Ghuba au mashariki mwa Mediterania, soma NOTAM (matangazo rasmi kwa marubani) kabla ya kufungua dashibodi: huko usumbufu wa kutoka nje ni jambo la kweli na la mara kwa mara.

Kisheria, kifaa hiki hakitoi matokeo ya kuwekwa mbele ya mkaguzi wa KCAA, TCAA au UCAA (mamlaka za usafiri wa anga za Kenya, Tanzania na Uganda) kama ushahidi wa kufuzu. Hakiji na cheti cha usahihi kinachofuatilika, na hakiwezi kuchukua nafasi ya vipimo vya chumba maalumu vya DO-160 (kiwango cha kupima vifaa vya ndege), sehemu ya 20 na ya 21. Kinachoingia kwenye kitabu cha ndege ni matokeo ya jaribio la ardhini na la angani kwa mujibu wa mwongozo wa kufunga kifaa husika. Na usiguse kabisa hali ya jenereta, yaani ile ambayo kifaa chenyewe kinatoa mawimbi, kikiwa kimeunganishwa na antena. Ukirusha kwenye bendi za usafiri wa anga bila kibali, hata kwa nguvu ndogo, unahatarisha ndege nyingine na unavunja sheria.

Kwenye ununuzi, tahadhari ni nakala bandia, ambazo ni nyingi na hazina ngao za ndani. Nunua kwa wauzaji waliotajwa kwenye tovuti ya mradi wenyewe. Siku kinapofika, unganisha tundu la CAL na la RF kwa kebo fupi ya SMA inayokuja nacho, kisha endesha SELF TEST. Hatua zote zipite. Ikishindwa hata moja, jaribu kebo nyingine, na ikishindwa tena kirudishe bila mjadala. Bajeti kamili ya kuanzia ni kifaa, atenueta ya desibeli 30, kizuizi cha DC, filta ya FM, adapta za BNC na TNC kwenda SMA, na kebo mbili za ziada. Viungo vya SMA vimetengenezwa kwa idadi yenye kikomo ya kufungwa, navyo huchakaa haraka hangarini, kwa hiyo acha adapta moja ifungwe daima kwenye kifaa na uchakavu uangukie adapta, isiwe tundu la kifaa.